Waziri mwenye haraka: Joseph Mungai na shule alizotuachia

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, kilomita 20 na ushee, safu ya Uluguru ikiwa bado inakusindikiza upande wa kushoto, unafika Changarawe. Hapo ndipo ilipo Mzumbe. Wasiopajua hudhani Mzumbe ni chuo kikuu tu. Wenyeji wanajua kuna Mzumbe mbili: chuo, na sekondari ya wavulana inayopokea vijana waliochaguliwa kwa ufaulu wao kutoka kila pembe ya nchi. Watoto wa Changarawe wenyewe wengi husoma kwingine: shule ya msingi ya kijijini, kisha sekondari ya kata. Kila ninapowaona asubuhi wakivuka barabara, sare za aina tatu au nne zikipishana, huona kwamba hapa mtu anaweza kuisoma historia ya elimu ya Tanzania bila kufungua kitabu. Na katika historia hiyo kuna jina moja ambalo walimu wa umri fulani hawalitaji kwa sauti tulivu: Joseph James Mungai.

Mungai alikuwa Waziri wa Elimu na Utamaduni kuanzia 2000 hadi 2005, kipindi cha pili cha Rais Benjamin Mkapa. Katika miaka hiyo mitano ndipo mamilioni ya watoto waliokuwa nje ya shule walipoingia madarasani. Katika miaka hiyo hiyo masomo yalifutwa, fizikia na kemia zikafungwa nira moja, na michezo ya shule ikasimamishwa. Mzazi aliyeshindwa ada ya mtoto wa kwanza na kumsomesha wa tatu bila ada anamkumbuka kwa shukrani. Mwalimu wa biashara aliyeamka asubuhi akakuta somo lake halipo anamkumbuka vingine. Naamini wote wawili wanamzungumzia mtu yule yule na namna ile ile ya kufanya kazi. Swali linalonishughulisha ni kwa nini sehemu moja ya kazi yake imedumu na nyingine ilifutika kabla wino haujakauka.

Kwanza tumweke mahali pake kisiasa, na hilo si jepesi. Australia au Uingereza, mhafidhina ana chama chake, na ukitaja waziri wa elimu wa mrengo huo watu wanajua takriban atafanya nini: atasisitiza hesabu, sayansi, lugha na mitihani, na atapunguza yale anayoyaona ni mapambo. Kwetu chama kilikuwa kimoja kwa muda mrefu, na neno mhafidhina tulilizoea kwa mtu aliyeogopa vyama vingi au aliyeng'ang'ania Ujamaa wakati wenzake wanauaga. Kwa kipimo cha kwanza Mungai ni mhafidhina kabisa: alitaka shule irudi kwenye masomo machache ya msingi. Kwa kipimo cha pili ni kinyume chake, maana alichokiondoa kilikuwa urithi wa Mwalimu Nyerere. Mtu mmoja anaweza kuwa mlinzi wa mapokeo mbele ya mgeni na mvunjaji wa mapokeo mbele ya mwenyeji.

Alizaliwa 1943 na siasa zake zilikuwa za Mufindi, nyanda za juu za Iringa, nchi ya chai, misitu na baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla hajatimiza miaka 30, Nyerere alimpa Wizara ya Kilimo. Fikiria ni wakati gani huo. Siasa ni Kilimo ilitangazwa Iringa mwaka 1972, ukame ukafuata, watu wakahamishiwa vijijini kwa operesheni. Kijana huyu alijifunzia uongozi katika miaka ambayo jambo likiamuliwa juu lilitekelezwa nchi nzima ndani ya msimu mmoja, na kuuliza maswali kulionekana ni kuchelewesha. Sidhani kama somo hilo lilimtoka. Miaka 30 baadaye, akiwa Elimu, aliongoza kama mtu wa operesheni.

Lakini alijifunza na kitu kingine kule nyumbani. Miaka ya 1980 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye watoto wachache kabisa sekondari, kwa sababu serikali ilikuwa imechagua kutanguliza shule za msingi. Nyanda za juu kusini hazikusubiri. Wananchi wa Mufindi, kupitia mfuko wao wa elimu, walichanga na kujenga sekondari zao, na Mungai alikuwa mstari wa mbele katika juhudi hizo. Alijua basi kwa macho yake kwamba mzazi wa kijijini yuko tayari kubeba matofali ikiwa anaona mlango ambao mwanawe atapita.

Ujuzi huo ndio uliobeba MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002. Ada ya shilingi 2,000 kwa mwaka ilikuwa imefutwa mwaka uliotangulia. Shilingi 2,000 leo ni nauli na soda, lakini kwa kaya yenye watoto wanne na shamba la mahindi lililoungua na jua ilikuwa ukuta, ukichanganya na michango iliyoongozana nayo. Mwaka 2000 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi milioni 4.4 hivi. Mwaka 2005 walikuwa milioni 7.5. Katika kila watoto 100 wenye umri wa kuwa shule, walioandikishwa walipanda kutoka 59 hadi karibu 95. Sijui jambo jingine katika maisha yetu ya hadhara lililobadilika kwa kiasi hicho ndani ya miaka mitano.

Tusisahau yalivyofanyika. Fedha zilikuwapo, sehemu yake mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango uliahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na fedha za ujenzi zikapitia akaunti za shule zenyewe, chini ya kamati za shule. Wajumbe wa kamati ni watu wa kijijini: wanajua bei ya mchanga, wanamjua fundi anayechanganya saruji kidogo. Baba aliyesaini hundi ya darasa alilipita darasa hilo kila siku akienda shambani. Hapo mpango ulipata mwenyewe. Amri ilitoka Dar es Salaam, lakini kazi ilikuwa na macho ya kijiji juu yake.

Gharama yake ilikuwa kubwa, na haikulipwa na wizara. Mwaka 2000 mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 41 kwa wastani. Mwaka 2005 walizidi 55, na wastani huficha darasa la kwanza lenye watoto 120 chini ya mwembe. Mafunzo ya ualimu yalifupishwa, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. Kwa muda matokeo ya darasa la saba yalionekana kupaa, kutoka ufaulu wa asilimia 22 mwaka 2000 hadi 61.8 mwaka 2005, na serikali ikajivunia. Kisha utafiti wa mwaka 2010 wa mpango uitwao Uwezo ukakuta kwamba takriban theluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, lugha yao wenyewe. Takwimu hiyo huniumiza kila ninapoirudia, kwa sababu watoto wale hawakukosea lolote. Walifika shule kama walivyoitwa.

Hata hivyo, ukinilazimisha kuchagua, nitasema walifanya vizuri kuwaita. Darasa lililojaa linaweza kupunguzwa. Mtoto aliyepita umri wa kusoma harudishwi.

Sasa upande wa pili. Tangu miaka ya 1970, kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari zetu zilikuwa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Shule ilitambulika kwa mchepuo wake. Wazo la Nyerere lilikuwa kwamba anayetoka kidato cha nne asirudi kijijini mikono mitupu, kwa kuwa wengi wao wangerudi. Utekelezaji ulikuwa dhaifu; mashamba ya shule mara nyingi yaligeuka adhabu ya wachelewaji, na karakana zikabaki na mashine zisizo na vipuri. Mungai alipotazama mambo haya aliona msongamano wa masomo usio na tija. Kwa hesabu ya ofisini hakukosea. Masomo mengi yalihitaji walimu wengi, na walimu hawakuwapo. Basi punguza masomo. Biashara, kilimo na mengine ya michepuo yakaondolewa. Fizikia na kemia zikawa somo moja.

Hapa ndipo hoja ya ofisini ilipogongana na chumba cha darasa. Mwalimu aliyesomea fizikia na hesabu chuoni hajui kemia kwa sababu waraka umesema anaijua. Kitabu cha somo jipya hakiandikwi kwa wiki. Kijana anayetaka kuendelea kidato cha tano na kuwa daktari bado atadaiwa fizikia kamili na kemia kamili. Walimu waliyasema hayo, wanasayansi wa vyuo wakayasema, wazazi wakayasema. Jibu lilikuwa kwamba uamuzi umeshatolewa. Na michezo? UMISHUMTA na UMISETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, zilisimamishwa kwa hoja kwamba zinakula muda wa masomo. Wanariadha na wachezaji waliogunduliwa kwenye mashindano ya shule ni wengi mno hivi kwamba hasara ya miaka ile haiwezi kupimwa. Hatujui nani hakuonekana.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu linaeleza mengine yote. Mwaka 2005 asasi ya HakiElimu ilitoa tathmini ya miaka mitatu ya MMEM, ikichota kwa sehemu kubwa kutoka ripoti za serikali yenyewe, na ikarusha matangazo redioni na kwenye televisheni yakionyesha madarasa yaliyofurika. Septemba mwaka huo, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, wizara ilitoa waraka kuipiga marufuku kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule za Tanzania. Marufuku haikuondolewa mpaka awamu iliyofuata. Waziri aliyewaamini wanakamati wa kijiji kusaini hundi hakuwaamini kusikia kwamba hundi hazikutosha. Hilo si ukatili wa mtu mmoja. Ni malezi ya kisiasa ya kizazi kizima, ambacho kilifunzwa kuona kasoro inayotajwa hadharani kama hujuma.

Inafaa kumlinganisha na mwenzake wa mbali. Mwaka 1988, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, Terry Metherell wa chama cha Liberal alipewa elimu na akaingia kwa kasi kama ile ile: alipunguza nafasi za walimu, akataka kupanga upya mfumo wote. Walimu na wazazi kwa maelfu waliingia mitaani Sydney. Hakudumu, mwaka 1990 alikuwa ameshatoka serikalini, kwa sababu nyingine. Tofauti naiona hapa: kule upinzani ulitangulia, ukamlazimisha waziri na serikali yake kujieleza wakati mabadiliko yanaendelea. Kwetu hakukuwa na wa kumzuia Mungai alipokuwa ofisini, na hakukuwa na wa kuitetea kazi yake alipotoka. Januari 2006 Rais Jakaya Kikwete alimrudisha Kilimo, wizara aliyoianzia ujana wake, na Elimu ikaenda kwa Margaret Sitta. Chini ya uongozi mpya fizikia na kemia zikatenganishwa tena, michezo ikarejeshwa. Sikumbuki hata mkutano mmoja wa walimu waliosimama kusema: yaacheni. Oktoba mwaka huo alihamishiwa Mambo ya Ndani, akatoka serikalini Februari 2008 baraza lilipovunjwa, na alifariki Novemba 2016.

Milima inayoitazama Mzumbe iliwahi kuona kisa cha namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamua kuokoa udongo wa Uluguru kwa matuta ya ngazi. Wataalamu hawakuwa wajinga. Mmomonyoko ulikuwapo, na mito ya mlimani ndiyo inayonywesha mabonde na miji ya chini. Lakini Waluguru waliamriwa kuchimba, siku kadhaa kila wiki, na pale kwenye udongo mwembamba ngazi zilifukua tabaka lisilo na rutuba na kulifukia lenye rutuba. Mahindi yakadumaa. Mkulima aliyekuwa amewaonya maafisa alikuwa sahihi. Julai 1955, kule Matombo, watu walikataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Mzumbe yenyewe ilifunguliwa 1953, katikati ya kisa hicho, kama shule ya serikali za mitaa, kuwafundisha machifu, makarani na madiwani ambao ndio walitakiwa kupeleka amri kama zile kwa watu wao. Chuo cha uongozi kilizaliwa chini ya mlima uliokuwa unafundisha uongozi kwa njia yake. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM. Mwaka 2001, Mungai akiwa mwaka wake wa pili Elimu ya msingi na sekondari, kikawa chuo kikuu.

Barabara ile ile ya Iringa ilimpitisha mwanasiasa mwingine wa elimu, Jackson Makwetta wa Njombe, na kisa chake ni cha Mungai kilichopinduliwa. Novemba 1980 Nyerere alimteua kuongoza Tume ya Rais ya Elimu. Tume ilisikiliza watu kwa zaidi ya mwaka, ikatoa ripoti 1982. Ilipendekeza mengi, na moja zito kuliko yote: Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia Januari 1985, na chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliosikilizwa walikuwa chini. Wazo lilitoka kwenye madarasa ambamo mwalimu alisema Kiingereza, wanafunzi wakanakili, na hakuna aliyeelewa. Serikali ilipotoa msimamo wake 1984, pendekezo la lugha halikuwamo. Makwetta mwenyewe, kwa wakati huo akiwa Waziri wa Elimu, ndiye aliyejikuta akieleza hadharani umuhimu wa kubaki na Kiingereza. Alifariki Novemba 2012. Sera ya elimu ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango kwa maandishi. Toleo la 2023 likakibakiza Kiingereza sekondari.

Kwa hiyo Mungai alikuwa na madaraka bila kusikiliza, Makwetta alisikiliza bila madaraka ya mwisho, na pale pekee ambapo vitu viwili vilikutana, fedha za juu na kamati za chini, ndipo MMEM ulipopata nguvu ya kumzidi umri mwasisi wake. Ada iliporudi kwa jina la michango, wananchi walilalamika mpaka ikatolewa amri mpya ya elimu bila malipo, iliyoanza kutumika Januari 2016 na ikapandishwa hadi kidato cha nne. Hakuna mwanasiasa leo atakayethubutu kuirudisha ada ya msingi. Kupunguza ada ya sekondari za kutwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000, chini ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, nako kulitengeneza njia. Sekondari zilikuwa 927 mwaka 2000, zikawa 1,745 mwaka 2005 na 4,102 mwaka 2009, nyingi zikiwa za kata, zilizojengwa kwa nguvu za wananchi kama zile za Mufindi. Walimu waliokuja kuzijaza baada ya mafunzo ya wiki chache watu waliwabandika jina la vodafasta. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna waziri aliyekigusa, si Mungai, si waliomtangulia, si waliomfuata. Sekondari ya Mzumbe, Kilakala ya wasichana pale Morogoro mjini, Ilboru, Kibaha, Tabora, Msalato: shule za vipaji maalumu. Zimepita Ujamaa, soko huria, MMEM, kila waraka. Nina heshima kubwa kwa shule hizi na vijana wake. Lakini zinanionyesha uhafidhina wetu halisi ulipo. Tunabishana masomo na madaraja ya ufaulu, tukabadili divisheni kuwa wastani wa pointi 2014 na kurudi divisheni 2016, huku kanuni ya kuwachuja wachache na kuwapa walimu kamili ikibaki bila mjadala. Mtoto wa Changarawe aliyeko sekondari ya kata anaweza kusikia kengele ya Mzumbe.

Na sasa yaliyofukiwa yanafukuliwa. Sera ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Dodoma mwanzoni mwa 2025, imerudisha sekondari ya mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Ndani ya amali kuna kilimo, ufundi na mengine ambayo mzee yeyote aliyesoma miaka ya 1980 atayatambua. Biashara, iliyofutwa kama mzigo, imekuwa somo la lazima. Nafurahi. Sina uhakika kama karakana zitafika kabla ya waraka unaofuata, na sioni mtu yeyote akikaa na walimu wa zamani wa michepuo kuwauliza mashine zao zilikufaje. Wengi wao wamestaafu, wapo, wanalima bustani zao Kihonda na Kilakala, na wanakumbuka.

Tangu Mungai aingie wizarani mwaka 2000 hadi kufika kwa Waziri Adolf Mkenda, wote wawili wakihesabiwa, elimu imepita mikononi mwa mawaziri sita. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2024 kwa mtaala mpya atamaliza miaka yake 10 ya lazima mwaka 2033. Hapa Changarawe wapo kadhaa. Wanavuka barabara kuu asubuhi, wakubwa wakiwashika mikono wadogo, malori ya Zambia yakisubiri.